Keekee haitoboi mraba: ielewe mashine ya tundu kabla hujainunua

Kuna video fupi zinazozunguka kwenye simu za maseremala, kuanzia Mafinga hadi Uyole, Mbeya. Mashine ndogo imekaa juu ya meza. Mtu anashusha mkono wa mashine mara moja, anaupandisha, na kwenye ubao limebaki tundu la mraba lenye kona nne kali, kana kwamba limechongwa na mzee aliyeshika patasi maisha yake yote. Halafu maswali yanaanza. Kitu kinachozunguka kinatoboaje mraba? Ni drili tu, yaani keekee, iliyobadilishwa jina? Nikiinunua ndiyo nimeachana na patasi? Na kwa nini mashine mbili zinazofanana kwa macho zinapishana bei kiasi kile?

Nimeulizwa hayo na mafundi wenzangu, na vijana wanaoanzisha karakana nyumbani, mara nyingi kiasi kwamba kuyaeleza yote kwa kituo kumekuwa deni. Mashine ya namna hiyo ninayo kwenye karakana yangu hapa Iringa, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika nimejifunza kwa gharama.

Tuanze na majina. Ukitaka kuunganisha mbao mbili zisiachane, ncha ya ubao mmoja inachongwa ibaki nyembamba. Huo ni ulimi. Ubao wa pili unatobolewa nafasi ya kuupokea ulimi huo. Hilo ni tundu. Waliosoma ufundi darasani utawasikia wakisema tenoni na motisi, na ni vitu vilevile. Mlango wa paneli, kitanda, dirisha la mbao, meza ya kulia: vyote vinasimama kwa sababu kuna ndimi zimezama kwenye matundu. Msumari unashika kwenye kitobo kimoja tu. Ulimi unashika kwa mwili wake wote, na gundi inapata uso mpana wa kukamata.

Ulimi si tatizo kubwa, unaukata kwa msumeno dakika chache. Tundu ndilo linalokula siku. Kiti chenye mbao nne kuzunguka kikalio kina matundu manane. Viti sita ni matundu 48, na hapo hujagusa mbao za kuunganisha miguu chini. Aliyetoboa matundu 48 kwa patasi na nyundo kwenye mlingoti mkavu, yaani mbao ya mkaratusi, anajua kiganja chake kilivyokuwa jioni ile. Ndiyo maana video zile zinapendwa.

Sasa jibu la swali la kwanza. Hakuna biti inayoacha kona kali kwa kuzunguka tu. Mashine hii ina vifaa viwili vilivyovaana. Ndani kuna biti ya msokoto, mfano wa ile skrubu ya mashine ya kukamua alizeti: inazunguka, inakata, na inayapandisha maranda juu. Nje yake kuna patasi ya mraba iliyo wazi katikati, kama kipande cha bomba la pembe nne, na hiyo haizunguki hata kidogo. Kingo zake nne za chini zimenolewa. Biti inatangulia kidogo na kutoboa duara, patasi inafuata papo hapo na kuchonga kona nne zilizobaki, na maranda yanatokea kwenye upenyo ulioachwa ubavuni mwa patasi.

Chukua kalamu uchore duara ndani ya mraba, liguse pande zote nne. Duara hilo linachukua karibu asilimia 79 ya eneo la mraba, na hiyo ndiyo kazi inayofanywa na mota. Asilimia 21 iliyobaki kwenye kona inakatwa na patasi, na patasi haina mota. Inasukumwa na wewe, kwa ule mkono wa kushusha. Kwa hiyo mashine ya tundu ni drili na patasi kwa pamoja, na mahali pa nyundo pamewekwa mkono mrefu wa chuma. Usiitoe akilini hesabu hii ya kona nne, maana karibu kila kosa la kununua linatokana na kuisahau.

Hospawa si kitu cha kwanza kuuliza

Mteja akiingia dukani huinama kusoma kibati cha mota. Anatafuta hospawa, kama anayenunua mashine ya kukoboa. Mashine nyingi za kukaa juu ya meza zina mota ya nusu hospawa, yaani karibu wati 370, inayozunguka takribani mara 1,400 kwa dakika kwenye umeme wetu. Kwa biti ya hadi nusu inchi, mota hiyo inatosha kwa karakana ya nyumbani. Kinachoshindwa kwanza huwa ni kitu kingine.

Mimi nilinunua ya kwanza kwa kusoma kibati. Mota ilikuwa nzuri kweli. Lakini mkono ulikuwa mfupi kama mpini wa jembe lililokatika, na kichwa kilikuwa kinacheza kwenye nguzo yake. Kwenye paini nilikuwa sawa. Siku niliyoweka mlingoti mkavu kwa patasi ya nusu inchi nililazimika kuuning'inia mkono ule kwa uzito wangu wote, kichwa kikapinda kidogo, na tundu likatoka limelala upande. Fremu nzima ya mlango niliitupa kuni.

Fikiria mpini wa pampu ya kisima cha kijiji. Mpini mrefu, hata mtoto anavuta maji. Ukiufupisha nusu, mtu mzima anahema. Mkono wa mashine ni vivyo hivyo. Na patasi ikinenepa, kazi inaongezeka haraka: patasi ya robo inchi ina kingo zenye jumla ya inchi moja ya kukata, ya nusu inchi ina inchi mbili. Umeongeza ukubwa mara mbili, na urefu wa makali unaoyasukuma umeongezeka mara mbili vilevile, huku mbao inayoondoka kwenye tundu ikiwa mara nne.

Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza hospawa, shika kichwa cha mashine kwa mikono miwili ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza bila mzigo, kitacheza zaidi kikiwa na mzigo. Angalia nguzo inayopanda kichwa: ni nene, imekaza? Mkono una urefu gani, na unaweza kubadilishiwa nafasi ili uusukume ukiwa umesimama wima? Kitako kina matundu ya boliti za kukifunga kwenye meza? Mashine isiyofungwa kwenye meza itanyanyuka siku utakapoihitaji zaidi.

Kushusha ni nusu ya kazi, kupandisha ni nusu ya pili

Hili watu hawalioni kwenye video. Patasi ikishazama inchi mbili ndani ya mbao, imebanwa pande zote nne. Ni kama panga lililokwama kwenye gogo: unakanyaga gogo kwa mguu ndipo unavuta panga. Usipokanyaga, gogo linapanda na panga. Mashine inahitaji mguu wa namna hiyo, na inao: kile chuma cha mfano wa uma kinachokaa juu ya ubao na kuuzuia usinyanyuke. Kwenye mashine za bei rahisi chuma hicho ni chembamba na kinafungwa kwa skrubu moja. Kikipinda, kila ukipandisha mkono ubao unaruka, tundu linapanuka mdomo, na ulimi utakaouingiza utacheza.

Kitu cha pili ni egemeo, ule ukuta mfupi nyuma ya meza ya mashine ambao ubao unauegemea. Lazima uwe umenyooka na uwe mstari mmoja na uso wa patasi. Mwashi akipanga tofali bila uzi, kila tofali linageuka kidogo na ukuta unakuwa meno ya msumeno. Tundu refu linatengenezwa kwa mraba baada ya mraba, kwa hiyo patasi ikikaa imegeuka hata kidogo kuliko egemeo, kuta za tundu zitatoka na meno hayohayo. Hapo ndipo mtu analaumu mashine. Mara nyingi kosa ni la dakika mbili ambazo hakuzitumia kuweka kipande cha chuma kilichonyooka kati ya patasi na egemeo kabla ya kukaza skrubu.

Kimo nacho kinawaumiza wanaotengeneza milango. Ubao wa wima wa mlango una upana wa inchi nne au tano, na tundu linatobolewa kwenye ukingo wake. Maana yake ubao unasimama kwa ubavu kwenye mashine, inchi tano kwenda juu. Patasi nayo inaning'inia karibu inchi tatu chini ya kichwa. Mashine ndogo kabisa zikipandishwa kichwa hadi mwisho hazina nafasi hiyo. Ni nzuri kwa viti na fremu za picha, lakini ubao wa mlango hauingii. Tena wengi huweka kipande cha mbao chini ya kazi ili patasi isigonge chuma ikitokeza, na kipande hicho kinakula kimo. Kwa hiyo pima kutoka mezani hadi ncha ya patasi, usipime hadi kwenye kichwa.

Kuhusu kina, usiogope kwamba patasi ni fupi. Tundu la kutokeza upande wa pili linafanywa nusu kwa nusu: unatoboa inchi mbili na nusu, unageuza ubao juu chini ukiwa na uso uleule kwenye egemeo, unatoboa zilizobaki. Kama egemeo limenyooka, matundu mawili yanakutana katikati bila ngazi.

Patasi yenyewe

Hapa ndipo bei inapojificha. Mashine nyingi zinakuja na seti ya patasi ndani ya boksi, kawaida robo inchi, 5/16, 3/8 na nusu. Za kwenye boksi mara nyingi zimenolewa kiwandani juujuu, ndani zina mikwaruzo, nje zina mistari ya mashine inayokwaruza kuta za tundu. Seti hizo zinaweza kufanya kazi nzuri zikihudumiwa, ila zinunue ukijua kwamba jioni ya kwanza ni ya kunoa. Ndani ya mdomo unanoa kwa jiwe au chuma chenye ncha iliyochongoka kama pia kinachoingia kwenye patasi. Nje unalaza bapa kwenye jiwe laini na kupitisha mara chache tu, maana ukila sana unapunguza ukubwa wa patasi. Biti unaigusa kwa tupa ndogo upande wa ndani.

Nafasi kati ya biti na mdomo wa patasi ndiyo inayoua vifaa vya wanaoanza. Biti ikigusa patasi, vyuma viwili vinasagana, joto linapanda, na mdomo wa patasi unageuka buluu. Chuma kikishageuka buluu ugumu wake umeondoka, makali hayakai tena. Biti inatakiwa itangulie kwa milimita 1 hadi 2. Njia rahisi ni ya sarafu. Ingiza patasi kwenye mashine ukiwa umeweka sarafu kati ya bega la patasi na kichwa, kaza patasi. Sukuma biti juu hadi iguse patasi, kaza biti. Sasa legeza patasi, toa sarafu, sukuma patasi juu hadi mwisho, kaza tena. Biti imebaki imetangulia kwa unene wa sarafu.

Uliza pia kuhusu bushi, ile pete ya chuma inayopokea shina la patasi. Mashina hayana kipenyo kimoja duniani, na patasi nzuri uliyoagiza Dar inaweza kukataa kuingia kwa sababu ya hilo. Mashine inayokuja na bushi zaidi ya moja inakupunguzia safari.

Na usitoboe miraba kwa kufuatana ukigusisha mmoja na mwingine. Patasi ikikuta upande mmoja uko wazi, inakimbilia huko na kupinda. Anza na miraba ya miisho miwili, kisha katikati uache vidaraja vyembamba, halafu rudi uondoe vidaraja. Patasi inakuwa imebanwa sawasawa kulia na kushoto kila inaposhuka.

Kwa nini nisifunge tu kifaa cha ziada kwenye drili ya kusimama?

Kifaa hicho kipo, kinauzwa, na kwa matundu machache ya robo inchi au 3/8 kwenye paini kinafanya kazi. Lakini rudi kwenye zile kona nne. Drili ya kusimama imetengenezwa kwa biti inayojivuta yenyewe ndani ya kitu. Mkono wake ni mfupi, meza yake inainama ukiisukuma sana, na kizuizi cha kukanyaga ubao ni dhaifu. Zaidi ya hapo, kila ukitaka kutoboa kitobo cha kawaida unafungua kila kitu, na ukirudi kwenye matundu unapanga upya. Fundi mwenye drili tayari na asiyefanya zaidi ya fremu chache kwa mwaka anaweza kuanza hivyo. Wa viti na milango atachoka mapema.

Ruta nayo, ile mashine ya mkono yenye biti inayozunguka kasi, inatoboa matundu safi sana, ila miisho inabaki mviringo, kwa hiyo ama unaviringisha ulimi kwa tupa ama unanyoosha miisho kwa patasi. Ni njia nzuri kwa aliye na ruta mkononi. Kelele zake na vumbi lake ndani ya chumba kidogo ni habari nyingine.

Patasi ya mkono haiondoki. Mashine inakuachia tundu lenye maranda chini na vikwaruzo kutani, na ulimi haiuchongi kabisa.

Umeme, na mashine za mitumba

Soma kibati kwa ajili ya volti hasa. Kwetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotumika kutoka Japani itakuwa ya volti 100, ya Marekani volti 120 na hezi 60, na hata Uingereza kuna vifaa vya volti 110 vilivyotengenezwa kwa maeneo ya ujenzi. Muuzaji atakwambia utaweka transfoma. Transfoma inabadilisha volti, haigusi hezi: mota ya hezi 60 ikiwekwa kwenye 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na inapata joto zaidi. Mashine kubwa za kusimama za viwandani nazo nyingi ni za fezi tatu. Kama nyumba yako ina fezi moja, bei nzuri isikuvute.

Halafu waya. Mota ya aina hii volti zikishuka kwa asilimia 10, nguvu yake ya kuzungusha inashuka kwa karibu moja ya tano. Ukivuta umeme kwa ekstensheni nyembamba ya redio kutoka sebuleni hadi banda la uani, mashine itakwama kwenye mlingoti na utadhani umeuziwa mbovu. Tumia waya mnene, mfupi. Kuhusu LUKU usiwe na wasiwasi, mota ya nusu hospawa haimalizi uniti moja kwa saa hata ukiibana mzigo wote.

Mbao zetu

Huku tumebarikiwa mbao. Shamba la miti la serikali la Sao Hill pale Mufindi ndilo kubwa kuliko yote nchini, na barabara ya Mafinga imejaa paini na milingoti ya wakulima binafsi pia. Shida ni kwamba mbao nyingi tunazinunua zikiwa mbichi, zimetoka kwenye msumeno juzi. Mashine haitibu hilo, na kwa kweli inalifanya lionekane zaidi. Unatoboa tundu safi, unachonga ulimi unaoingia kwa kugongwa taratibu, unafurahi. Mlango unapelekwa Dodoma, hewa kavu inaunywa, ulimi unasinyaa, na mteja anapiga simu kwamba mlango unalegea kama meno ya mzee. Ulimi ukikatwa kwenye ubao mbichi hauna mashine ya kuuokoa. Panga mbao zako kwa vijiti kati yake, kivulini, hewa ipite, na uzipe muda, hasa kama uko Makete au Tukuyu ambako baridi na mvua vinachelewesha kila kitu. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, mbao kavu au mashine, ningenunua mbao kavu na kuendelea kupiga patasi kwa mkono.

Paini ina utomvu pia. Unaganda ndani ya patasi, maranda yanakwama kwenye upenyo, joto linapanda, na tumesharudi kwenye ule ubuluu. Ukiona moshi, simama. Chomoa plagi, toa biti, isafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha. Pandisha mkono mara mbili au tatu ndani ya tundu moja ili maranda yatoke, usishuke moja kwa moja hadi chini. Na usivae glavu karibu na biti inayozunguka, zinakamatwa na kuvuta kidole.

Ukiwa tayari kwenda dukani, iwe Mwanjelwa kule Mbeya au mjini Iringa, beba begani ubao wa mlango wa inchi tano na kipande cha mlingoti mkavu. Simamisha ule wa mlango chini ya patasi uone kama unaingia. Omba watoboe tundu la inchi mbili na nusu kwenye mlingoti kwa patasi ya nusu inchi, wewe ukishusha mkono mwenyewe. Sikiliza mota ikiingia, angalia kichwa kama kinapinda, na ukipandisha uangalie kama ubao unaruka. Kisha chukua kipande chako nje, juani, upitishe kidole kwenye kuta za tundu. Muuzaji asiyekubali kuiwasha, chukua mbao zako uende duka linalofuata.